Mtihani wa Akili Timamu

Swali lenyewe liliulizwa kinyozini, na aliyeliuliza alikuwa na povu nusu uso.

Redio ya kinyozi ilikuwa inatoa tangazo. Diwani wa kata alikuwa amefariki, na kiti chake kilikuwa kimeanza kupiganiwa kabla hakijapoa. Wenye nia wakachukue fomu. Mtangazaji akazitaja sifa kwa ile sauti wanayoitumia kutangaza misiba: mgombea awe raia, awe ametimiza umri, awe ameandikishwa kuwa mpiga kura, ajue kusoma na kuandika, asiwe amewahi kufungwa kwa udanganyifu, na awe na akili timamu.

"Ngoja kwanza," akasema Saruji, akaushika mkono wa kinyozi wenye wembe. "Hiyo ya mwisho. Nani anapima?"

Saruji alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa limeshafukiwa zamani chini ya mifuko. Alikuwa na duka, alikuwa na malori, alikuwa na kitambi kilichokuwa kinaingia mlangoni kabla yake na kusalimiwa. Kilichobaki ni kuitwa Mheshimiwa.

Kinyozi akacheka, wateja wakacheka. Hakucheka mtu mmoja tu, kijana aliyekaa kwenye benchi la kusubiria, ambaye hakuwa anasubiri kunyolewa bali amekuja kusoma gazeti la bure. Mtaa mzima ulimwita Ibara, kwa sababu hakukosa kitabu cha Katiba mfuko wa shati, jalada limepauka, na hakuweza hata kupunguziwa bei ya nyanya bila kutaja ibara ya ngapi inamruhusu. Alikisoma kitabu hicho mahabusu, ambako hakukuwa na kingine cha kusoma. Na ieleweke vizuri, tusije tukamchafulia mtoto wa watu jina: Ibara hajawahi kufungwa. Amewahi kusubirishwa tu. Kila kesi ilipofika, walalamikaji waliona aibu kumweleza hakimu jinsi walivyoingia wenyewe mtegoni kwa miguu yao miwili.

Ibara akakunja gazeti taratibu.

"Shikamoo, Mzee wangu."

"Marahaba."

"Hilo swali nimelingojea miaka. Watu wanaulizia umri, wanaulizia uraia. Akili haiulizwi na mtu."

"Kwa hiyo kuna mahali wanapima?"

Ibara akatazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti. Hakuishusha sana, maana kwenye kiti cha pili alikuwa amekaa Mikate, mwenye kiwanda cha kuoka mikate, mtu mwembamba mwenye masikio mapana, ambaye yeye na Saruji hawakuwa wamesalimiana tangu mmoja wao aziegeshe gari zake mbele ya duka la mwenzake.

"Kitengo kipo," akanong'ona. "Hakitangazwi. Wakikitangaza, Mzee, bungeni vitabaki viti na vipaza sauti."

Saruji akajifuta povu mwenyewe. Kwenye kiti cha pili, sikio moja la Mikate likasogea.

Jioni hiyo hiyo Ibara alikuwa stendi, kwenye safu ya vibanda vya mbao vilivyoegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani. Kimoja kilikuwa cha Shangazi yake, dada wa baba, aliyemlea tangu hajaota meno. Shangazi alikuwa anachonga mihuri. Alikata mpira kwa kiwembe, herufi zote kinyumenyume, na vidole vyake vilikuwa vya zambarau mwaka mzima kwa wino. Paa la kibanda lilikuwa na matundu mengi, na mvua ikinyesha alikuwa anachonga huku amevaa ndoo kichwani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwizi wangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Nani?"

"Shangazi bwana! Nataka muhuri. Andika: Kitengo cha Upimaji wa Akili za Wagombea."

Shangazi akakipuliza kiwembe. "Hicho kitengo kipo?"

"Hakipo. Kwa hiyo hakuna ofisi ya mtu tuliyoiibia jina."

Shangazi akatikisa kichwa, lakini kiwembe kilikuwa kimeshaanza kazi. Damu ni damu, na mpira ulikuwa umebaki kipande kinachotosha.

Daktari naye alipatikana ndani ya familia. Shangazi alikuwa na mtoto wa kiume, binamu yake Ibara, ambaye kazi yake ya mwisho ilikuwa kutembeza sumu ya panya na kipaza sauti. Binamu alikuwa na sura ya daktari kabisa, uso mrefu wa mtu aliyezoea kuleta majibu mabaya. Koti jeupe waliazima kwa muuza nyama. Walilifua na kulirudia; doa moja likagoma kutoka, wakaliacha, likaonekana la kitaalamu. Chumba wakapata ghorofani, juu ya dobi, mvuke wa pasi ukipenya kwenye mbao za sakafu hadi mteja akiingia anatoka jasho kabla hajaulizwa lolote. Ukutani wakabandika karatasi ya kupimia macho. Haikuwahusu, lakini iliupa ukuta elimu.

Saruji alifika akiwa amevaa tai.

"Jina lako?" akauliza Binamu.

"Saruji."

"Una uhakika?"

Saruji akasita. Binamu akaandika.

"Unaandika nini hapo, Daktari?"

"Mgombea amesita. Tuendelee. Ukikuta shimo barabarani unafanya nini?"

"Nalikwepa."

"Na ukishakuwa diwani?"

"Dereva atalikwepa."

Binamu akamtazama Ibara, aliyekaa pembeni na kitabu chake. Ibara akainamisha kichwa kwa heshima. "Majibu ya kiuongozi kabisa."

"La mwisho. Siku ya kwanza ofisini utafanya nini?"

Hapa Saruji alikaa vizuri, maana swali hili alikuwa amelijibu kitandani usiku mwingi. "Vile vibanda vya stendi. Navivunja vyote asubuhi yake. Pale ni pa kujenga ghala langu."

Kalamu ya Binamu ikasimama. Kibanda cha tatu kutoka mwisho, cha mama yake, ndicho kilichomsomesha.

"Daktari, mbona huandiki?"

"Ameandika moyoni," akasema Ibara haraka. "Sasa Mzee, suala la kukiwezesha kitengo. Fedha usitoe. Fedha ni rushwa, na mimi na Katiba hii hatuwezi kushuhudia rushwa. Lakini vifaa ni mchango wa maendeleo."

"Vifaa kama nini?"

"Ungekuwa unauza nini, Mzee wangu?"

Lori la mabati na mbao likashushwa uani kwa Shangazi kabla jua halijazama.

Mikate alikuja kesho yake, akipitia mlango wa nyuma ili asionekane. Akapimwa. Kwenye shimo la barabarani alisema ataunda kamati. Kwenye siku ya kwanza ofisini alisema atavunja vibanda vya stendi, pawe maegesho ya magari yake ya mikate.

"Na yule mwenzangu," akauliza akiwa mlangoni, "yule wa vifaa vya ujenzi, alipata ngapi?"

"Mzee, hiyo ni siri ya mgonjwa na daktari."

"Mgonjwa!" Mikate akatabasamu mpaka masikio yakasogea nyuma. "Asante. Mmeshanijibu."

Kwa furaha hiyo akachangia jiko la kuokea, kubwa, la umeme, ambalo kiwandani kwake lilikuwa limepumzishwa.

Usiku huo Binamu hakuweza kunyamaza. Alimweleza mama yake yote mbele ya sahani, na Shangazi akaacha kula. Alipoingia Ibara, akipiga mluzi, alikuta sura zile mbili zinamtazama.

"Wanavunja vibanda," akasema Shangazi. "Saruji akishinda anavunja, Mikate akishinda anavunja. Ulikuwepo, ukasikia, ukachukua mabati."

"Siasa hizo, Shangazi. Wanasema tu."

"Sisi tuliopo pale?"

"Aah, wewe utapata sehemu nyingine. Mpira unachongwa popote."

Shangazi alikusanya punje za mpira zilizoganda kwenye kanga yake, akazitazama kiganjani. Miaka yote aliyokaa pale stendi, kibanda kile kilimlisha yeye, kikamlisha Binamu, na kikamlisha huyu aliyesimama mbele yake na tabasamu la kukodi. Alipoinua uso alikuwa anacheka, na mtu mwenye akili angekimbia.

"Mwanangu, hivi wewe kwani akili timamu huna?"

"Ninayo, Shangazi."

"Kusoma hujui?"

"Nikuulize wewe?"

"Basi unawahangaikia hawa wazee wa nini, wakati kiti kiko wazi? Mheshimiwa Ibara. Hebu sikiliza linavyotamkika."

Ibara akalitamka kimoyomoyo. Akalitamka kwa sauti. Akakaa chini. Lilikuwa tamu kuliko kitu chochote alichowahi kumuuzia mtu, na hapo ndipo ujanja wake wote ulipomtoka, kama hewa kwenye tairi.

"Na nikikalia hicho kiti, ile stendi namuuzia Saruji asubuhi," akasema macho yakimwaka, "namuuzia Mikate jioni. Kwa pamoja! Lakini nitawaondoaje kwenye kinyang'anyiro?"

"Siku ya kurudisha fomu wana kazi gani?"

"Wanasubiri cheti cha akili ili wakibandike kwenye fomu."

"Basi wape mtihani wa mwisho siku hiyo hiyo. Waweke kwenye chumba kimoja, waangaliane, wanyamaze. Atakayenyanyuka au kufungua mdomo kwanza, huyo kichaa."

Ibara akampigia Shangazi magoti. "Shangazi, wewe ulipotea tu njia, ulitakiwa uwe wa kwetu."

"Wadhamini wa kukusainia niachie mimi, watu wa vibanda wananiamini. Wewe tafuta suti." Akaanza kukusanya vyombo. "Na sifa nyingine zote unazo?"

"Shangazi! Mimi? Katiba naijua kama njia ya chooni."

"Haya," akasema Shangazi.

Siku ya kurudisha fomu, Saruji na Mikate walikalishwa uso kwa uso, magoti yakikaribia kugusana. Simu zao Binamu alizifungia kwenye kabati, akisema mionzi yake inavuruga matokeo. Fomu zao, zilizojazwa vizuri na kusainiwa, zilikuwa mifukoni mwao. Mlango haukufungwa, na hilo ndilo lililokuwa na utamu. Yeyote kati yao angeweza kusimama, akashuka ngazi, akavuka barabara, akairudisha fomu yake akawa mgombea. Lakini angesimama wa kwanza.

Saa zikapita. Mvuke wa dobi ukapanda. Nzi akatua puani kwa Mikate, akatembea, akajipangusa miguu, akaenda kumwangalia Saruji. Hakuna aliyepepesa. Jasho la Saruji likadondoka kwenye tai. Mikate akaanza kutabasamu kwa jicho moja. Katika historia ya kata ile, wanasiasa hawakuwahi kunyamaza muda mrefu namna ile, na hakuna aliyekuwepo kulishukuru tukio hilo ila Binamu.

Ibara akashuka kwa dobi, akaazima suti iliyokuwa inasubiri mwenyewe, akavuka barabara kwenda ofisi ya uchaguzi akitembea ule mwendo wa mtu anayepigiwa picha. Mlangoni akapishana na Shangazi anatoka, amevaa gauni la sikukuu.

"Fomu yangu, Shangazi?"

"Hii hapa, mwanangu. Anza na kadi kwanza, ndivyo wanavyotaka." Akamkabidhi bahasha, akampangusa bega la suti, akaenda zake.

Dirishani alikuwepo karani, dada mmoja mwenye miwani, uchovu wa siku nzima umemkalia mabegani.

"Kadi ya mpiga kura."

Ibara akaitoa. Alikuwa ameitengeneza mwenyewe kwa ajili ya shughuli zake ndogondogo, na aliiona nzuri kuliko za serikali. Karani akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza. Akasogeza kimashine.

"Weka kidole."

Hapa inabidi tusimame kidogo. Ibara alikuwa ameishi mjini umri wake wote bila kuacha kidole chake popote. Wakati wa kuandikisha wapiga kura, foleni ilipita mbele ya mlango wake, na yeye akajifunika shuka. Mtu wa kazi yake atakwendaje kuiachia serikali vidole? Na lile sharti la kuandikishwa alikuwa analijua, alimsomea Saruji, alimsomea Mikate, tena kwa madoido. Lakini kwake Katiba ilikuwa bidhaa, na ni muuza sabuni gani anayeilamba?

Akaweka kidole. Mashine ikalia kama kifaranga aliyekanyagwa.

"Hupo," akasema karani.

"Nipo hapa, dada yangu. Niguse."

"Mashine haikuoni. Hukuandikishwa."

"Dada, Katiba iko wazi!" Ibara akachomoa kitabu, akakifungua bila kutazama. "Kila raia aliyetimiza umri ana haki..."

"Soma mpaka mwisho wa mstari, kaka. Usiishie panaponoga."

Ibara akasoma. Midomo ikaendelea kidogo, sauti ikabaki nyuma.

"Asiyeweza kupiga kura hawezi kupigiwa," akasema karani. "Na kuandikisha tulishafunga. Halafu hii kadi," akaisogeza kwenye taa, "nani amekutengenezea? Kaa hapo kwenye benchi nimwite askari wa getini akuulize vizuri."

"Na hao... hao wagombea wengine ni akina nani?" Ibara akauliza, huku mguu mmoja umeshaanza kurudi nyuma.

Karani akaonyesha ubao kwa kalamu. Kulikuwa na jina moja tu, la mwanamke, na Ibara alilitazama muda mrefu, maana hakuwahi kuliona limeandikwa. Maisha yake yote alikuwa analiita Shangazi. Chini yake zilipangana sahihi za wadhamini: fundi viatu, muuza vocha, mshona mikoba, safu nzima ya vibanda. Akafungua bahasha yake. Fomu ilikuwa safi, nyeupe, haina hata alama ya kalamu.

Saa kumi, mwisho wa kurudisha fomu, ikagonga. Karani akafunga dirisha.

Kule juu kwa dobi, Binamu alipoisikia saa hiyo alivua koti jeupe, akalikunja, akawagongea vyeti vyao muhuri. "Hongereni, wazee wangu. Wote mko timamu."

Wakatoka mbio, wakibanana kwenye ngazi, kila mmoja akimvuta mwenzake shati. Walifika barabarani wakati Ibara naye anatoka mbio upande wa pili.

"Dirisha limefungwa!" akalia Saruji. "Na yule si ndiye..."

"Na ile suti!" akapiga kelele Mikate. "Ile suti yangu!"

Ibara hakuwa na mahali pa kukimbilia ila pale alipokimbilia tangu utotoni. Aliruka kizuizi cha kibanda, akajikunja chini ya meza ya Shangazi, katikati ya punje za mpira. Shangazi, gauni la sikukuu na yote, akaendelea kuchonga. Wazee wawili wakafika wanahema.

"Mama," akasema Saruji, "hukumwona kijana hapa, amevaa suti?"

"Mnamtafutia nini, baba zangu?"

Saruji akamtazama Mikate. Mikate akatazama viatu vyake. Abiria wa stendi walikuwa wameanza kujikusanya, na muuza vocha alikuwa ametoa kichwa chote nje.

"Tulikuwa..." akaanza Saruji. "Kuna... kuna vipimo fulani..."

"Vipimo vya nini?"

"Tutakuja siku nyingine," akasema Mikate, akamshika mwenzake mkono, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka wakaondoka pamoja.

Sauti ndogo ikatoka chini ya meza.

"Shangazi, nimeliwa."

"Na nani?"

Ibara akauliza swali jingine. "Na mabati yangu? Na jiko?"

"Ulisema ni mchango wa maendeleo. Yanaendelea." Shangazi akamteremshia nyundo chini ya meza, ikamgota goti. "Askari wa getini hatakawia kufika hapa. Nitamwambia kijana wangu hana muda wa utapeli, ana kazi ya kuezeka. Usinifanye muongo. Mimi ni kiongozi sasa."

Alipita bila kupingwa. Kwenye kuapishwa walimwuliza, kwa taratibu zao, kama anajua kusoma na kuandika, akawaambia anaandika hata kinyumenyume.

Mwezi uliofuata safu ya vibanda ilikuwa imenyooka, mbao mpya, paa linang'aa mpaka madereva wanafumba macho. Kwenye kibanda cha mwisho Binamu alikuwa anaoka mikate, tena inayouzika. Juu ya paa alikuwa Ibara, kifua wazi, misumari mdomoni, Katiba mfuko wa nyuma wa suruali. Ilishakubaliwa kwamba wakifungua tena uandikishaji, Shangazi atampeleka mwenyewe, amemshika kidole.

Saruji akapita siku hiyo. Akasimama. Akayatazama mabati, akausogelea ukingo wa paa, akapitisha kidole kwenye chapa ya duka lake iliyokuwa kwenye kila bati, nyekundu, haijafutwa. Akatazama juu. Ibara akajilaza kifudifudi kwenye paa la moto.

"Mheshimiwa," akasema Saruji, "haya mabati mbona kama nayajua?"

Shangazi hakuinua macho kwenye mpira.

"Mzee wangu," akasema, "nasikia siku ile ulinyamaza vizuri sana. Endelea hivyo hivyo."